Kusafisha Koo la Gari Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Nimetukanwa mezani kwangu, kwenye kiti changu, nikiwa nimeshika kijiko changu. Mtukanaji ni shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye sote tunamwita Bwana Uhakika kwa sababu hawezi hata kuomba chumvi bila kusema ana uhakika ipo. Alikuja kumjulia hali mama yake. Mama mkwe yuko kwetu tangu Ijumaa, anasubiri kupasuliwa mtoto wa jicho. Miezi saba amengoja nafasi! Zamu yake ni Jumamosi hii, saa mbili kamili asubuhi, na karatasi ya kliniki inasema wazi kwamba atakayechelewa anarudishwa mwisho wa orodha.

Nikasema nitampeleka mimi. Shemeji, kwa upole wa kuudhi, akasema ana uhakika gari langu halitafika. Eti amelisikia likikohoa getini. Eti nikisimama kwenye taa linatetemeka mpaka vioo vinalia. Afadhali Mama apande kigari chake yeye, cha zamani, kisicho na turbo wala makuu.

Gari langu lina turbo! Imeandikwa nyuma kwa herufi za kung'aa. Moja imebanduka, sasa inasomeka TURB, lakini mwenye akili anaelewa.

Mama akauliza kwa sauti ndogo kama kweli tutafika. Mke wangu akaangalia sahani yake. Hapo kichwa kikanivimba. Nikatamka mbele ya wote kwamba gari litafika, litafika mapema, na nitalitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo la mikono sijui lilitoka wapi. Lilishatoka.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Saa ya chakula nilichepuka kazini nikaenda gereji ya kona, kwa Fundi Taratibu. Mtu huyu hana haraka na chochote. Aliinamia injini, akafumba macho, akaisikiliza kama anayesikiliza malalamiko ya mkewe. Kisha akasema throto chafu.

Throto, kwa faida ya atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu, ni koo la injini. Ni kitundu cha kupitisha hewa chenye kijilango cha duara ndani yake. Ukikanyaga mafuta kijilango kinafunguka, ukiachia kinafunga. Kwenye gari la turbo hewa inasukumwa kwa nguvu, inakuja na mvuke wa oili, na ule mvuke unaganda pale kijilangoni kama masizi ya sufuria. Koo limeziba. Ndiyo maana tunakohoa.

Fundi akasema nilete Alhamisi alasiri, kazi ya saa moja tu. Nilikuwa karibu kukubali. Mdomo ulishafunguka. Halafu akaongeza kwamba shemeji yangu alishampigia simu asubuhi, akamwambia nitakuja, na kwamba ana uhakika ni throto.

Basi! Nikamwambia fundi nilikuja kumsalimia tu.

Lakini mimi si mjinga. Kabla ya kuondoka nilimchimba kwa ujanja. Nikasema kuna rafiki yangu mmoja angependa kujua kazi hiyo inafanywaje. Akanieleza yote, pole pole, huku akinitazama kwa huruma nisiyoielewa. Injini iwe baridi. Itumike dawa ya throto yenyewe, si kitu kingine. Dawa ipulizwe kwenye kitambaa, isimwagwe kooni. Kijilango kisisukumwe kwa nguvu, kina mota yake ndogo na kinajijua. Ukimaliza, uifunze kompyuta ya gari upya: fungua swichi bila kuwasha injini, hesabu hadi thelathini, funga, ngoja kidogo, kisha washa uiache iungurume yenyewe dakika kumi. Usiguse mafuta. Usiwashe redio wala kipoza hewa.

Tena ana desturi yake ya ajabu. Ukutani kaandika kwa chaki orodha mbili: VILIVYOTOKA na VILIVYOINGIA. Hafungi boneti mpaka kila orodha imepigwa alama ya mwisho. Hiyo ya kwanza niliiona ina maana. Ya pili ni mbwembwe za mtu mwenye ukuta mrefu.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Ushindi! Nimeandika kwa vidole vyeusi, karatasi itaniwia radhi.

Kazini nilimwambia bosi mama mkwe anaumwa nikaruhusiwa mapema, pamoja na siku mbili zinazofuata. Si uongo, jicho ni sehemu ya mtu. Mimi ni mtunza stoo wa duka la rangi, miaka kumi na moja sasa, na kuhusu vitu vya kusafishia hakuna wa kunifundisha. Dawa ya throto ya nini wakati dunia ina thina? Thina inang'oa rangi ya mlango wa chuma. Nilibeba chupa ya mabaki tunayooshea brashi.

Nililegeza klempu, zile pete za kubana, nikavuta bomba nene la hewa, na throto hiyo hapo, nyeusi tititi! Nilifurahi kama aliyekamata mwizi.

Kisha nikafanya jambo la busara kuliko yote niliyofanya mwaka huu. Niliona mdomo wa bomba uko wazi. Nikakumbuka turbo iko upande wa pili, inazunguka kwa kasi ya kutisha, na kijiskrubu kimoja tu kikitumbukia humo imekwisha. Lazima pazibwe! Nikatazama huku na huku. Kwenye kamba ya nguo kulikuwa na soksi ya sufu, nyekundu, nene, saizi ileile. Nikaisukuma ndani mpaka ikapotea, isije ikachomoka. Fundi mwenye vyeti asingewaza hilo.

Boliti nne, throto ikatoka. Nikaimwagia thina, nikasugua kwa mswaki wa zamani (wangu, nadhani). Masizi yakaondoka. Pembeni ya kijilango kulikuwa na utando wa kahawia uliokaidi, lakini mimi na thina hatushindwi, nao ukang'oka. Nikasukuma kijilango kwa kidole nione kama kinacheza. Kikalia kriii. Nadhani kilikuwa kinanishukuru.

Nikarudisha kila kitu. Nilikuwa na orodha, kama fundi. Boliti nne zilitoka, nne zimerudi. Klempu mbili, mbili. Plagi ya waya moja, moja. Gasketi moja ya kuziba mwanya, imechanika kidogo, imerudi. Hakuna hata kimoja kilichobaki mkononi! Mafundi wangapi wanaweza kusema hivyo?

Sikuwasha. Mke wangu aliita chakula, na nilitaka kuwasha kesho mbele ya watazamaji.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Watazamaji: mke wangu, Mama kwenye kiti cha barazani, na jirani aliyejifanya anafagia.

Nikawasha. Gari likaguna, likatetemeka, likazima. Nikawasha tena. Likaguna kidogo zaidi, likazima. Mara ya tatu lilitoa sauti ambayo sitaiandika. Jirani akaacha kujifanya anafagia.

Nikaisoma orodha yangu mara nne. Vyote vilitoka, vyote vimerudi. Kazi haina dosari. Kwa hiyo kuna mkono wa mtu! Na nikakumbuka: jana jioni shemeji alipita kumletea Mama matunda, akasimama karibu na gari muda mrefu, mikono mifukoni. Mikono mifukoni! Mtu asiye na hila anaificha mikono kwa nini?

Nikaweka mtego. Nilimwaga unga wa chokaa kuzunguka gari lote, atakayelisogelea aache nyayo. Nikajibanza nyuma ya pazia la sebule tangu saa nane mchana. Saa kumi nikatoka kukagua. Nyayo zilikuwepo! Zilikuwa zangu, za kwenda kukagua.

Halafu, kana kwamba sina mizigo ya kutosha, mke wangu akaanza habari za soksi. Mama ana soksi zake nyekundu za sufu, alizifuma mwenyewe. Anataka kuzivaa Jumamosi kwa sababu kliniki kuna baridi na akiwa na hofu miguu inaganda. Moja ipo. Nyingine haionekani. Mke wangu ameshapekua kabati, kapu la nguo chafu na hata chini ya friji. Akaniuliza kama nimeiona. Nikamjibu kwamba nina gari lililohujumiwa na mama mkwe asiyeona vizuri, sina nafasi ya kufuatilia soksi. Soksi zina tabia ya kupotea tangu zamani, hilo linajulikana.

Mke wangu alinitazama toka utosini hadi unyayoni. Akaniambia mama yake amesubiri miezi saba. Hakupaza sauti, na ndiyo maana nimeshindwa kula.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Siku ya kufutwa kwenye kalenda.

Gari lilivutwa kwa kamba mpaka gereji. Lililolivuta ni kile kigari cha zamani kisicho na turbo. Dereva wake unamjua. Alikwenda mwendo wa kusindikiza maiti, akawasha taa za tahadhari, na kila kona alitoa mkono dirishani kunionyesha tunakata wapi. Njia hiyo nimepita miaka tisa! Watu wa duka la vifaa vya shule walitoka nje kutazama.

Fundi Taratibu hakugusa chochote. Aliomba tu kujua nilifanya nini. Nikamkabidhi orodha yangu kwa fahari. Akaisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema safi sana, vilivyotoka vyote vipo. Kisha akauliza niliingiza nini.

Nikasema sikuingiza kitu. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeonewa. Katikati ya sentensi nikaikumbuka kamba ya nguo.

Akalegeza klempu. Akaingiza vidole viwili kooni mwa gari langu. Akavuta. Soksi ikaanza kutoka, nyekundu, ndefu, inachuruzika oili, ikatoka na kutoka kama haina mwisho. Hewa ya turbo ilikuwa imeikokota mpaka kwenye kijilango ikakwama hapo. Fundi akaitandaza kwenye mkeka wake kwa heshima, kando ya spana. Akaenda ukutani, chini ya VILIVYOINGIA akaandika kwa chaki: soksi, moja.

Shemeji hakucheka. Alitazama dari ya bati muda mrefu, mabega yanamtikisika. Afadhali angecheka.

Habari za thina nazo zikatoka. Ule utando wa kahawia haukuwa uchafu, ulipakwa kiwandani ili kijilango kizibe vizuri. Nilisugua nusu siku kuondoa kitu cha lazima. Fundi akaweka gasketi mpya, akaosha alichoweza kuosha, akasema gari litatembea, ila litakuwa linaunguruma juu mpaka kompyuta ifunzwe upya. Akaniomba niliache mpaka jioni alifunze yeye. Nikakataa. Nikamwambia kwa leo fedheha imetosha, kumfunza mwanafunzi wangu mwenyewe siwezi kushindwa.

Nyumbani nilimfunza. Nikafungua swichi, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha. Linaunguruma kama lori linalopanda mlima. Dakika moja. Dakika mbili. Nikagusa mafuta kidogo tu nione kama linashika. Nikaanza upya. Dakika tatu, nikawasha redio nipate habari. Nikaanza upya. Nikajaribu mara tano, na mara zote tano mguu wangu ulikuwa na maoni yake.

Mke wangu amefua soksi mara mbili. Bado inanuka gereji. Mama aliipapasa pale kwenye kamba, akainusa, akaniuliza tena kama tutafika. Safari hii sikujipiga kifua. Niliogopa, basi nimeliandika, na naogopa mpaka sasa.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Saa moja asubuhi. Shemeji tayari yuko getini, kigari chake kinaunguruma kwa adabu, mlango wa abiria uko wazi. Mimi nikawasha langu. Mngurumo! Nikaingiza gia ya kurudi nyuma, gari likaruka, nikafunga breki kidole kimoja tu toka kwenye nguzo ya geti. Mke wangu akafumba macho. Shemeji akasema, bila hata kejeli, kwamba nimwachie Mama, muda unakwenda.

Nikajua imekwisha. Nikashuka. Nikaenda kumshika Mama mkono nimpeleke kwenye kile kigari, na nakiri humu ambamo hakuna anayesoma kwamba machozi yalinilengalenga.

Mama akanipita. Amevaa soksi zote mbili. Akapapasa boneti ya gari langu, akafika mlangoni, akaingia na kukaa mbele, kiti cha abiria. Akaniuliza fundi alisema nifanye nini hasa. Nikamweleza, hatua kwa hatua. Akauliza nimefanya zipi. Nikasema karibu zote. Akasema, mwanangu, kaa nyuma.

Nikakaa kiti cha nyuma cha gari langu mwenyewe, kama mtoto. Akaniambia ni upande gani wa kuzungusha ufunguo. Hajawahi kuendesha chochote isipokuwa cherehani. Akafungua swichi, akahesabu hadi thelathini kwa sauti. Akafunga. Akangoja. Akawasha kwa kunyoosha mkono kutoka upande wake, kisha akaweka mikono mapajani. Ilikuwa saa moja na robo.

Hizo zilikuwa dakika kumi ndefu kuliko ndoa. Dakika ya pili nilisogea mbele niangalie mshale wa mizunguko ya injini, akanigonga goti bila kugeuka. Dakika ya nne nikamuuliza kwa nini haendi na mwanawe, maana kule kuna uhakika. Akacheka kidogo. Akasema ndiyo maana. Yule mwanawe hana hofu hata chembe, na mtu akikaa naye anabaki kuogopa peke yake. Mimi naogopa waziwazi, tunakuwa wawili. Akasema usiku wote amekuwa akiwaza kisu kwenye jicho, lakini tangu nilipokaribia kugonga nguzo hajawaza kisu hata mara moja.

Niliona aibu na nilifurahi, vyote kwa pamoja. Nikamshika bega, naye akaniacha nimshike.

Dakika ya saba mngurumo ukaanza kushuka. Wenyewe! Mshale ukateremka taratibu, ukasita, ukateremka tena, ukatulia. Gari likanyamaza kiasi kwamba nilisikia kigari cha shemeji getini. Tukangoja mpaka kumi kamili, kwa amri ya Mama. Ndipo akaniruhusu kuhamia mbele.

Tulifika saa mbili kasoro dakika nane. Shemeji alitufuata nyuma njia nzima, endapo tungekwama. Mama aliingia chumba cha upasuaji akiwa amenishika mimi mkono wa kulia na mwanawe mkono wa kushoto, na alipotuachia, sisi wawili tulikaa kwenye benchi moja. Akatoka baada ya saa moja, jicho limefunikwa, anaulizia chai.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Nikampeleka tena, jicho kufunguliwa. Gari lilikwenda kama linateleza kwenye mafuta.

Nesi akaondoa kifuniko. Mama akapepesa. Akatazama dirisha, akatazama mikono yake pande zote mbili, akamtazama bintiye kwa muda mrefu mpaka mke wangu akaanza kulia. Kisha akanitazama mimi. Akasema kumbe nimekonda. Tulipofika nyumbani akasema ukuta wa sebule niliopaka mwenyewe una mabaka, na kwamba shati nililovaa si jeupe tena. Kila kitu anakiona! Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosolewa.

Jicho la pili ni Jumamosi ijayo. Kuna mgonjwa ameahirisha, wamempa yeye nafasi. Shemeji alipoaga alipiga paa la gari langu kwa kiganja na kusema limetulia. Hakusema ana uhakika, lakini nimeliongezea mwenyewe kichwani.

Jumatatu, tarehe 13 Mei

Mchana kutwa kazini nilitafakari wiki nzima kwa utulivu, na nimeona wazi kosa lilikuwa wapi. Nilianza na kitu kidogo mno.

Throto ni mlango tu. Masizi yanatoka wapi? Kwenye turbo yenyewe! Kusafisha mlango na kuacha chanzo ni kazi ya mtu asiyefikiri, na nashangaa Fundi Taratibu, kwa umri wake, hakuliona hilo. Mama ameniamini jicho la kwanza. La pili anastahili gari lililosafishwa kabisa, na siku tano zinanitosha na kubaki. Boliti zenyewe hazizidi kumi. Mbili zimekatika kichwa, lakini hizo nane zilizobaki zimetoka vizuri.

Sasa ni jioni, niko nyumbani, naandika haya nikiwa nimeketi juu ya tairi la akiba, turbo iko mapajani mwangu, nzito kuliko nilivyodhani. Kuna kijibomba kinachodondosha oili ambacho sikumbuki kilikuwa kimeshikana na nini. Nitakumbuka.

Kupitia dirisha la sebule namwona Mama. Amesimama wima, simu sikioni, ananikodolea lile jicho jipya moja kwa moja bila kupepesa, na anaongea haraka haraka. Nimesikia akimwita mwanawe kwa jina mara mbili. Ni wazi anamsimulia jinsi mkwe wake alivyo fundi. Nimempungia spana.